Kusakinisha NVDA na kuizoea: mwongozo kwa asiyeona anayeanza kompyuta

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale manne. NVDA ni ya bure kweli? Mbona imenyamaza? Mbona nikiandika kwenye fomu kompyuta inarukaruka? Na hiyo Insert iko wapi kwenye laptopu yangu? Nimechoka kuyajibu moja moja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa kuyafuata ukiwa umekaa mbele ya mashine.

Nakuandikia wewe usiyeona, au ambaye macho yameanza kukuaga, na unataka kutumia kompyuta ya Windows kwa mikono yako mwenyewe. Sikiliza mwongozo huu kwenye simu huku vidole viko kwenye kibodi. Kama wewe unaona na unamsaidia mwenzako, karibu, ila kwa sharti moja: usiguse kipanya. Ukikigusa mara moja tu "ili twende haraka", mwenzako hajajifunza hatua hiyo, na kesho atakupigia simu akuulize tena.

NVDA ni kisoma skrini, yaani programu inayosema kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye kioo, na inaweza pia kukipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia. Mwaka 2007 yeye na James Teh, naye haoni, wakaanzisha NV Access, shirika lisilo la faida linaloitunza mpaka leo. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ni ya bure. Haina muda wa majaribio wala namba ya siri ya kuifungulia. Anayekuuzia "leseni ya NVDA" anakuuzia hewa.

Kama tatizo lako ni mikono na si macho, hapa si mahali pako, lakini usiondoke mikono mitupu: tafuta eViacam, inayosogeza mshale wa kipanya kwa kufuata kichwa chako kupitia kamera, au OptiKey, kibodi ya kuandikia kwa macho. Zote mbili ni huria.

Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Ukiwa na Windows ya zamani zaidi, matoleo mapya ya NVDA huenda yakakataa.
- Intaneti ya kupakulia faili moja. Halifiki megabaiti 100.
- Hedifoni, na nasisitiza ziwe za waya. Nyingi za bluetooth husinzia sauti ikinyamaza, halafu zikiamka zinameza silabi za kwanza. Kwa anayeanza, kusikia "liwa" badala ya "imefunguliwa" ni mateso.
- Ruhusa ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo. Kama ni ya ofisini au ya chuo na huna ruhusa, soma sehemu ya flashi baada ya hatua ya 2.
- Kujua herufi zilipo kwenye kibodi. Huhitaji kuandika kwa kasi. Papasa F na J: kila moja ina kinundu kidogo, na hapo ndipo vidole vya shahada vinapolala.

Hatua ya 1: Pakua faili

Windows ina kisoma skrini chake kiitwacho Narrator. Si huria, na sikipendi sana kwa kazi za siku nzima, lakini ni ngazi nzuri ya kupandia. Shikilia Windows na Control, kisha bonyeza Enter. Kitaanza kuongea.

Fungua kivinjari, nenda nvaccess.org, tafuta ukurasa wa kupakua. Utaulizwa kama ungependa kuchangia fedha. Si lazima, chagua kutochangia kwa sasa na uendelee. (Mimi nilichangia miaka kadhaa baadaye, kidogo tu, nilipoanza kupata kazi kwa kutumia programu hiyohiyo.)

Onyo: usiipakue kwenye tovuti za "programu za bure" zilizojaa matangazo. Tovuti hizo zina vitufe vingi vya uongo vya kupakua, na anayetumia masikio ndiye wa kwanza kunaswa.

Hatua ya 2: Sakinisha

1. Bonyeza Windows+R, andika shell:downloads, kisha Enter. Folda ya vilivyopakuliwa itafunguka.
2. Bonyeza herufi N mpaka usikie jina linaloanza na nvda. Bonyeza Enter.
3. Utasikia muziki mfupi. Hiyo ni nakala ya muda ya NVDA inajiamsha, na punde itaanza kuongea. Sasa zima Narrator kwa Windows+Control+Enter, la sivyo utakuwa na watu wawili wanaokusomea kwa wakati mmoja.
4. Mbele yako kuna makubaliano ya leseni. Bonyeza Tab mpaka kwenye kisanduku cha "I agree", kiteue kwa kubonyeza upau wa nafasi. Bila hivyo vitufe vya kusakinisha havifanyi kazi.
5. Tab tena mpaka "Install NVDA on this computer". Enter.
6. Dirisha linalofuata lina visanduku vichache. Kile cha kutumia NVDA wakati wa kuingia Windows kiache kikiwa kimeteuliwa, ili isome hata pale unapoandika nywila. Kiache hivyohivyo na kile kinachoweka njia ya mkato ya Control+Alt+N. Kisha bonyeza kitufe cha "Continue".
7. Hapa tulia. Windows itauliza kama unaruhusu programu ibadilishe kompyuta, na swali hilo huja kwenye skrini iliyofungwa ambayo nakala ya muda haiwezi kuisoma. Patakuwa kimya. Kompyuta haijaganda, inakusubiri. Kama Windows yako ni ya Kiingereza, bonyeza Alt+Y.

Mimi mara ya kwanza nilikaa kwenye ukimya huo karibu nusu saa, nikazima mashine, nikaanza upya, nikafika palepale. Mpaka leo, kati ya wanaonipigia kuniambia NVDA "imegoma kuingia", wengi wamekwama hapo.

8. Itasema imesakinishwa. Bonyeza Enter, na NVDA ya kudumu itaanza.

Ukiwa huna ruhusa ya msimamizi: katika namba 5 chagua "Create portable copy" na uielekeze kwenye flashi yako. Utatembea nayo na kuichomeka kwenye kompyuta yoyote. Ila nakala ya flashi haisomi zile skrini zilizofungwa, na Control+Alt+N haitaiamsha. Itabidi ufungue faili la nvda lililomo ndani ya flashi.

Hatua ya 3: Dirisha la ukaribisho

Watu hubonyeza Enter hapa bila kusikiliza, halafu wanalalamika mwezi mzima. Mambo mawili:

- *Mpangilio wa kibodi.* Kuna wa kompyuta ya mezani na wa laptopu. Kama kibodi yako haina namba upande wa kulia, chagua "laptop" kwa mshale.
- *Caps Lock kama kitufe cha NVDA.* Kitufe cha NVDA ni kile unachokishikilia unapotoa amri zake; kwa kawaida ni Insert. Teua na Caps Lock, hata kama una Insert. Kwenye laptopu nyingi Insert imefichwa pembeni au inahitaji kushikilia Fn. Caps Lock haihami.

Baadaye inaweza kukuuliza kama itume takwimu za matumizi kwa watengenezaji. Jibu upendavyo.

Kuanzia hapa nikiandika "NVDA+T" maana yake ni: shikilia Caps Lock au Insert, ukiwa bado umeishikilia bonyeza T, kisha achia vyote. Neno muhimu ni *shikilia*. Nilimfundisha mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amri hii ya kusoma kichwa cha dirisha. Nikawa nasikia kompyuta yake ikisema "t", kimya, "t", kimya, "t". Alikuwa anabonyeza Insert, anaiachia, ndipo anabonyeza T, kama anayebisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia: Mwalimu, fanya kama unashika mlango kwa mkono mmoja ili mwenzako apite, ukiuachia kabla hajapita, umemfungia nje. Jaribio lililofuata likakubali.

Na ukitaka Caps Lock ifanye kazi yake ya asili ya herufi kubwa, ibonyeze mara mbili haraka.

Hatua ya 4: Fundisha vidole kabla ya kufanya lolote

Bonyeza NVDA+1. Sasa kila kitufe utakachobonyeza kitatajwa jina na kazi yake, bila kufanya chochote. Huwezi kuharibu kitu. Cheza hapo jioni nzima: tafuta Tab, Escape, Alt, mishale, F1 mpaka F12. Ukimaliza, NVDA+1 tena. Wengi husahau hii ya pili, halafu wanashangaa kwa nini kompyuta inataja vitufe lakini haitii.

Ukishaijua kibodi, anza na amri hizi. Usijifunze nyingine wiki hii.

- Control: nyamaza. Ndiyo amri utakayoipenda kuliko zote.
- Shift: simama kidogo, bonyeza tena iendelee.
- NVDA+T: niko dirisha gani?
- NVDA+Tab: niko juu ya nini ndani ya dirisha hilo?
- NVDA+mshale wa chini: soma yote kuanzia hapa. Kwenye mpangilio wa laptopu ni NVDA+A.
- NVDA+F12: saa. Mara mbili haraka: tarehe.
- NVDA+Shift+B: chaji ya betri.
- NVDA+N: menyu ya NVDA yenyewe.
- NVDA+Q: funga NVDA.

Hatua ya 5: Sauti, kasi na Kiswahili

Bonyeza NVDA+Control+S kuchagua injini ya sauti. Kwenye Windows 10 na 11 utakuta sauti za Windows zenyewe. Kwa Kiswahili chagua eSpeak NG, ambayo nayo ni huria na imo ndani ya NVDA, kisha Enter. Halafu NVDA+Control+V, na katika orodha ya sauti tafuta "Swahili".

Nakuonya mapema: si sauti ya mtangazaji wa redio. Ni ya kibati. Siku ya kwanza utaichukia. Uzuri wake ni kwamba haikawii kujibu, na ukiiongezea kasi maneno hayavurugiki. Katika dirisha hilohilo kuna orodha ya "Variant" yenye ladha tofauti za sauti. Ijaribu mpaka upate usiyokereka nayo.

Jambo la pili: sauti ya Kiswahili husoma kila kitu kwa kanuni za Kiswahili. Menyu zikiwa za Kiingereza, "file" itakuwa fi-le na "home" itakuwa ho-me. Baadhi ya wanafunzi wangu wameshazoea na wanasema "nenda fi-le" bila kucheka. Ukisoma Kiingereza zaidi, weka sauti ya Kiingereza na ubadilishe unapofungua maandishi ya Kiswahili.

Kasi: kwenye dirisha la NVDA+Control+V kuna kipimo cha 0 hadi 100. Usiige kasi ya waliozoea. Anza pale unapoelewa kila neno, ongeza kidogo kila baada ya siku chache. Ukisharidhika, NVDA+Control+C huhifadhi mipangilio.

Hatua ya 6: Andika barua

Windows+R, andika notepad, Enter. Andika sentensi tatu kuhusu siku yako. Sasa zisome bila kuzigusa: mshale wa kulia husoma herufi kwa herufi, Control+mshale wa kulia neno kwa neno, mshale wa chini mstari kwa mstari. Tafuta kosa moja na ulirekebishe. Hifadhi kwa Control+S, ipe jina, Enter, funga kwa Alt+F4. Kisha ifungue tena kutoka kwenye folda ulikoihifadhi. Mpaka uweze mzunguko huu peke yako mara tatu mfululizo, usiingie mtandaoni.

Kusemewa kila herufi unapoandika kunawashwa na kuzimwa kwa NVDA+2. Kusemewa kila neno, NVDA+3.

Hatua ya 7: Kurasa za mtandaoni, na zile hali mbili

Hapa ndipo penye kilio. Soma taratibu.

Ukiwa kwenye ukurasa wa wavuti, NVDA ina hali mbili. Ya kwanza ni ya *kuvinjari*: kibodi yako si ya kuandikia, ni ya kurukia. H inakupeleka kichwa cha habari kinachofuata, K kiungo, B kitufe, F sehemu ya fomu, E kisanduku cha kuandikia, T jedwali, G picha. Namba 1 hadi 6 huenda kwenye vichwa vya ngazi hiyo. N inavuka rundo la viungo na kukutua kwenye maandishi ya kawaida. Hii ni dawa ya menyu ndefu za juu ya ukurasa. Ukiongeza Shift unarudi nyuma. NVDA+F7 inakupa orodha ya viungo au vichwa vyote, na NVDA+Control+F inatafuta neno.

Ya pili ni ya *kuandika*: herufi ni herufi. Ukiwa kwenye kisanduku cha kuandikia, bonyeza Enter na utasikia mlio mfupi; NVDA imebadili hali. Andika. Ukimaliza, Escape, na utasikia mlio tofauti: umerudi kuvinjari.

Basi ikiwa unaandika jina lako "Hamisi" na kompyuta inaruka kwenye kichwa cha habari, halafu sijui wapi, hujaingia hali ya kuandika. H yako imekuwa amri. Na ikiwa unabonyeza H urukie kichwa cha habari lakini inaandika "h", hujatoka. NVDA+upau wa nafasi hubadilisha kwa nguvu wakati wowote. Jifunze ile milio miwili kwa sikio. Ndiyo inayokuambia uko upande gani.

Kosa jingine la kawaida: kutembea kwa Tab peke yake. Tab hugusa viungo, vitufe na visanduku tu, maandishi ya kawaida inayaruka. Watu hupita habari nzima namna hiyo wakidhani ukurasa ni mtupu. Mshale wa chini ndio unaosoma kila kitu.

Ikikataa

*Imenyamaza kabisa.* Kwanza sauti ya kompyuta na waya wa hedifoni. Kisha bonyeza NVDA+S mara kadhaa, taratibu, mpaka irudi kusema "talk". Amri hiyo hubadilisha namna ya kuongea, na ni rahisi kuigusa bila kujua. Mwanafunzi mmoja aliniletea laptopu kwa basi, safari ya saa mbili, akisema imekufa. Ilikuwa NVDA+S. Bado kimya? Control+Alt+N huiwasha upya hata kama ilikuwa inaendelea.

*Iko kimya kwenye programu moja tu.* Huenda umeilaza usingizi humo: NVDA+Shift+S, au kwa laptopu NVDA+Shift+Z.

*Namba za upande wa kulia hazitoi namba, zinasoma skrini.* Num Lock imezimwa. Ibonyeze.

*Insert haifanyi kitu.* Rudi kwenye Caps Lock, kama nilivyokwambia.

*Inasema "graphic" au "button" bila jina.* Si kosa lako wala la NVDA. Aliyetengeneza ukurasa au programu hakuweka maelezo. Jaribu NVDA+R: itajaribu kutambua maandishi yaliyomo kwenye picha, na utayasoma kwa mishale. Escape kutoka.

*Imeanza kuwa nzito au kujifunga baada ya kuongeza vijazio (add-ons).* Bonyeza NVDA+Q, na katika orodha inayotokea chagua kuwasha upya vijazio vikiwa vimezimwa. Tatizo likiisha, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

*Umechezea mipangilio na hujui ulichofanya.* NVDA+Control+R mara moja hurudisha ulichohifadhi mwisho. Mara tatu haraka hurudisha yote kama siku ya kwanza.

*Aliye jirani anasoma skrini yako wakati wewe unasikiliza.* Fungua mipangilio ya NVDA, sehemu ya "Vision" au, kwenye matoleo mapya, "Privacy and Security", washa pazia la skrini (Screen Curtain). Kioo kitakuwa cheusi, sauti itaendelea. Mjulishe tu fundi kabla hujampa mashine. Wangu aliwahi kuanza kufungua skrubu.